Afisa Hula Mwisho

Nilikuwa nakunja shuka za mzee ninayemtunza hapa Alexandria simu ilipolia. Binti yake akapokea, kisha akamgeukia. "Baba, mwenzako wa Toronto amefariki. Kikosini umebaki wewe tu."

Mzee huyo, sasa wa miaka tisini na tano, alikuwa luteni ujanani katika vita vya uhuru wa Estonia, mwaka 1919. Hakulia. Jioni akaisukuma sahani. "Afisa hula mwisho, askari wake wakishakula. Wangu wako wapi?"

Kwetu Tanga mfiwa haachwi ale peke yake. Ofisi iliyoniajiri imetukataza kula na wagonjwa. Ikisoma haya niliyoandika, imeshajua nilivunja amri. Nikavuta kiti, nikampakulia binti supu, nikajipakulia na mimi.

"Haya, luteni, hesabu askari wako."

Akatunyooshea kidole, mmoja mmoja. "Wawili. Wote wapo. Kuleni."

Tukala, ndipo naye akashika kijiko.