Mzee, Usiguse

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi kompyuta hodari, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi, na mganga hajigangi: mashine ikirudi mbovu, hakuuliza imekuwaje. Aliuliza, "Umegusa nini?"

Mtu mmoja tu hakuwahi kumpa kazi, na huyo ni baba yake. Mzee alikuwa fundi wa kufuli, na kompyuta ya dukani kwake ilihifadhi vipimo vya funguo za wateja wa miaka ishirini. Mtu akipoteza ufunguo, mzee alitafuta jina lake humo, akachonga mwingine. Hakutaka yeyote aiguse, hata binti yake wa kumzaa. Lakini diski ilianza kukwaruza, na Jumamosi moja akasalimu amri.

Bisibisi alifunga diski mpya, akachomeka flashi nyuma ya mashine, akaanza kuweka mfumo wa kuiendesha. Karibu na mwisho mashine iliuliza kianzishi kiwekwe wapi. Kianzishi ni programu ndogo inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, kisha kuuamsha mfumo wenyewe. Pasipo hicho, mfumo unalala tu kwenye diski, mzima wa afya. Bisibisi, huku akimweleza baba yake hili na lile, alichagua mstari wa kwanza wa orodha kwa mazoea. Mashine ikazima, ikawaka vizuri. Akahamishia vipimo vyote. Jioni akaizima, akachomoa flashi yake, akaondoka kifua mbele.

Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, mashine haiwaki. Inaandika maneno meupe, basi."

"Umegusa nini, baba?"

"Sijui. Nilifuta vumbi. Labda niligusa."

"Si nilikwambia uiwashe tu?"

"Uliniambia."

Alipofika alimkuta mzee ameketi mbali na mashine, mikono mapajani, wateja wawili wakisubiri. Juu ya kibodi palikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: MZEE, USIGUSE. Mwandiko ulikuwa wa mzee mwenyewe.

"Macho haya, na vidole hivi," alisema. "Nimefikiri, mwanangu. Duka nilifunge tu. Kama nimeshindwa kufuta vumbi, kesho nitamchongea mtu ufunguo wa jirani yake."

Mteja mmoja alicheka. Mzee hakucheka.

Bisibisi alichomeka flashi yake ile ile ili aanze kukagua. Alipowasha tu, mashine ikaamka kama Jumamosi, majina ya wateja yote yapo. Akaizima, akachomoa flashi, akawasha tena: maneno meupe. Akairudisha, ikaamka. Hapo ndipo alipojua. Kianzishi alikuwa amekiweka kwenye flashi, si kwenye diski. Siku mbili kilikuwa nyumbani kwake, mfukoni mwa suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango.

"Imepona?" mzee aliuliza. "Niliharibu nini?"

Jibu rahisi lilikuwapo: ni vumbi tu, yameisha. Hakuna ambaye angejua. Na duka lingefungwa. Bisibisi aliona aibu.

"Hukuharibu kitu, baba. Ni mimi. Kile kinachoiamsha mashine nilikiweka kwenye flashi yangu badala ya diski yako, nikaondoka nacho. Nimekukosea mara mbili: kazi yenyewe, na lile swali langu."

Mzee aliinua uso.

"Yaani umemfungia mtu mlango, ukaenda na ufunguo wake?"

"Ndiyo."

"Halafu ukamuuliza mwenye nyumba amegusa nini?"

"Ndiyo, baba."

Wateja waliangua kicheko, na safari hii mzee naye alikuwamo. Bisibisi aliandika amri moja, kianzishi kikaingia kwenye diski. Akazima, akachomoa flashi, akamsogezea baba yake kiti.

"Iwashe wewe."

Kidole cha mzee kilisita, kisha kikabonyeza. Mashine ikaamka yenyewe.

Mzee akachukua kile kipande cha katoni, akalipiga mstari neno MZEE, juu yake akaandika FUNDI, akakibandika kwenye mkoba wa binti yake. Kisha akawageukia wateja.

"Haya, nani alitangulia?"