Saa Nzima Chini ya Kitenge

Siku ile Léocadie alipolala amesimama, vidole vyake viliendelea kusuka. Olive, mteja wake wa Kirundi aliyekuwa kitini, aliinua macho kwenye kioo akamwona msusi wake amefumba macho, mdomo wazi, vidole vinakwenda kulia, kushoto, kati, kulia, kushoto, kati. Alipogeuka kutazama vizuri, msuko mmoja ulikuwa umeongezewa nywele mpaka umefika kiunoni, na mingine yote inaishia mabegani.

"Mama Arlène," akauliza kwa sauti ya chini, "unaomba?"

"Eeh," akajibu Léocadie bila kufumbua macho. "Amina."

Sasa msimcheke kabla sijamaliza. Mwanamke huyu ana miaka hamsini na mmoja, alitoka Bukavu zamani, na pale saluni ya mtaa wa Bertrams, Johannesburg, alikuwa akisuka vichwa vitano kwa siku, anarudi nyumbani, anasonga ugali, na bado ana nguvu za kugombana na jirani. Uchovu wa kazi anaujua. Huo unalala nao, asubuhi umeondoka. Lakini huu uliomwingia tangu Pasaka ulikuwa na adabu mbaya. Ulikuja bila hodi, ukaamka naye, ukanywa naye chai, ukapanda naye ngazi mpaka orofa ya tatu, na kila akikaa chini ulimkalia mabegani.

Na usiku, jamani! Mwezi wa saba, Joburg imeganda, maji ya bomba yanauma meno, yeye anafungua dirisha. Joto lilikuwa linampanda kuanzia kifuani mpaka utosini, anatupa blanketi, analowa jasho, halafu baridi inamkamata, anavuta blanketi tena. François, mumewe, mlinzi wa maghala kule Midrand, siku zake za mapumziko alilala amevaa koti na kofia ya sufu kama yuko zamuni. Hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama dirisha lile ni la lazima, akatazamwa, na hakuuliza tena.

Basi Léocadie akaenda kliniki. Wakampima damu, sukari, presha, kila kitu sawa. Nesi, mama wa Kizulu mtu mzima, akamwambia bila kuzunguka kwamba ni umri tu, hedhi inakoma, mwili unabadilika, na usingizi ukivurugika usiku uchovu unatawala mchana. Apunguze kahawa. Atembee asubuhi. Dawa zipo hali ikizidi. Na akiweza, mchana ajilaze dakika ishirini mpaka thelathini.

"Eish, sista," Léocadie akasema, "nijilaze wapi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Nyumbani ni vyumba viwili. Mchana François analala baada ya zamu ya usiku, na kitanda chote ni chake. Chumba cha pili kina cherehani ya shemeji yake Gradi, inayolia kuanzia saa mbili asubuhi, na kina Arlène, binti yake, na muziki wake. Saluni ndiyo usiseme, mwenye saluni anahesabu hata pumzi. Johannesburg nzima, pamoja na magorofa yake yote, haikuwa na mita mbili za kumlaza Léocadie mchana.

Ikabaki nyumba ya Mungu.

Kanisa lao limepanga ghala la zamani la viatu kule Doornfontein, orofa ya pili, zulia jekundu mbele, spika kubwa nyuma. Ni kanisa la watu wetu, ambako wakati wa maombi Pasta Ezéchiel akikunyooshea mkono unaweza ukaanguka, na ukianguka wako akina mama wa protokoli, wenye mikanda ya kijani begani, wanaokupokea, wanakulaza taratibu na kukufunika kitenge ili usionekane miguu. Na hapo kuna sheria ambayo haikuandikwa popote lakini hata watoto wanaijua: mtu aliyelazwa na Roho haamshwi. Unamruka, unampita pembeni, unanyamazisha mtoto. Atainuka mwenyewe atakapoinuliwa.

Mara ya kwanza Léocadie hakukusudia. Nawaapia. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, macho mazito yakamshinda, akaenda chini. Alisikia mikono ya akina mama, akasikia kitenge kinashuka juu yake, chenye harufu ya sabuni na jua, kisha hakusikia kitu. Alipofumbua macho watu walikuwa wanatoa matoleo. Saa nzima na dakika kumi! Akainuka mwepesi, shingo haimuumi, kichwa kimetulia, hata njaa alisikia, njaa nzuri ya mtu mzima. Njiani akina mama wakamshika mikono.

"Bwana amekutembelea, Mama Arlène. Uso wako unang'aa!"

"Aksanti," akasema, na kwa kweli uso ulikuwa unang'aa.

Jumapili ya pili ndipo alipokusudia.

Hapo sasa mtamjua. Kwanza alivaa suruali ya kubana chini ya kikwembe, kile kitenge cha kujifunga kiunoni. Pili alitoa pini zote kichwani asubuhi, zisimchome. Tatu alichagua mahali, karibu na nguzo ya kushoto, zulia halijachakaa na spika imeangalia upande mwingine. Wiki ya tatu akaacha na chai ya asubuhi, isimharibie kazi. Pasta alikuwa hata hajanyoosha mkono vizuri, amekunja tu kiwiko, Léocadie yuko chini. Jumapili moja aliwahi mno, akaanguka katibu akiwa bado anasoma matangazo, tena ya choo kilichoziba. Watu wakatazamana kwa hofu takatifu.

"Hata kwenye matangazo," wakanong'ona.

Kisha akaanza kukoroma. Benita, mkuu wa protokoli, mama mwenye jicho ambalo halipitwi na kitu, aliinama juu ya kitenge akasikiliza muda mrefu. Hapo hadithi ingekwisha. Lakini Benita alijiinua, akawaambia wenzake kwa sauti ya heshima, "Anaugua kwa ajili yetu." Tangu siku hiyo akawa anamwekea kitenge chake peke yake, cha maua ya buluu, anakifua kila Jumamosi.

Mnaweza kusema alikuwa mdanganyifu. Mwenyewe alijiuliza hivyo, hasa siku za Jumatatu. Lakini ile saa moja ndiyo iliyomvusha wiki. Kwa saa ile aliacha kumfokea Arlène. Alisuka misuko inayolingana. Siku moja alicheka mpaka akajishangaa, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Ungemwambia achague kati ya saa ile na jino lake la mbele, angefungua mdomo akuonyeshe jino lenyewe.

Tabu ikaletwa na Thierry, kijana wa kwaya. Alikuwa ameshindwa mtihani wa leseni ya udereva mara nne. Akamwomba Mama Léocadie amkumbuke huko chini anakokuwa. Léocadie akasema sawa, akalala. Jumanne Thierry akapasi. Yesu wangu! Kufikia Jumapili kulikuwa na foleni kando ya nguzo, huyu na karatasi za ukimbizi, huyu na mchumba asiyeeleweka, mama mmoja na friji inayovuja. Na Pasta Ezéchiel, aliyefurahi kama mzazi, akasimama akatangaza.

"Jumapili ijayo wageni wetu wa tawi la Midrand watakuwa hapa, wanakuja na basi zima. Mama Léocadie atashika maikrofoni, atatuambia Bwana anamwonyesha nini anapolala pale!"

Léocadie alikuwa ndiyo kwanza amekaa kitini. Roho ikamruka.

Wiki ile alihangaika. François alipoambiwa kisa chote wakati wa chakula, alitafuna, akameza, akatoa ushauri.

"Sema umeona nuru. Nuru haina ubishi."

Arlène, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alicheka mpaka akadondoka kitandani, halafu akauliza kama na yeye anaweza kwenda kulala huko.

"Nyinyi hamna msaada," Léocadie akasema.

Alijitetea mwenyewe akiwa anasuka, anatembea, anasubiri robot ya barabarani, ile taa, iwe ya kijani. Kulala ni kulala. Hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hajadanganya mtu. Lakini kusimama mbele ya watu na kumsemea Mungu maneno ambayo Mungu hakusema, hiyo hapana, hiyo hata babu zake wangeikataa. Na akisema kweli? Akisema kweli, saa yake imekwenda. Kitenge cha maua ya buluu kimekwenda. Atarudi kuwa yule mwanamke anayelala amesimama, tena sasa na jina la mchezea madhabahu. Aliogopa. Usiku alitamani kulia, lakini hata kulia kulihitaji nguvu.

Jumapili ikafika. Basi la Midrand likamwaga watu waliovaa vizuri kuliko wenyeji, ghala likajaa mpaka ngazini. Léocadie hakuanguka siku hiyo. Alikaa mstari wa mbele amebana mkoba, na Benita, akidhani mambo yatatokea hata hivyo, alisimama nyuma yake na kitenge mkononi, tayari.

Maikrofoni ikaja. Akasimama, akaipokea.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Pasta anataka niwaambie ninachoona pale chini." Akauweka mkoba kitini. "Ninaona giza."

Mgeni mmoja akatoa daftari.

"Giza zuri. Halina mtu, halina sauti, halina joto wala baridi. Kwa sababu ninakuwa nimelala. Ninalala usingizi, ndugu zangu. Ule wa kawaida, wa kukoroma. Nina miaka hamsini na mmoja, mambo ya kila mwezi yameniaga, na usiku silali. Naungua na moto, halafu nagandishwa na baridi. Mchana nachoka mpaka nywele za watu zinanikimbia mikononi. Nesi aliniambia nijilaze mchana kidogo, na mimi sina mahali. Siku ya kwanza nilianguka kweli kwa uchovu. Siku zingine nilijiangusha. Naomba msamaha kwa Mungu, na kwa Pasta, na kwa Mama Benita aliyefua kitenge. Thierry, leseni ni yako mwenyewe, ulisoma."

Akaishusha maikrofoni. Wanaume walianza kutazama viatu vyao, wote kwa pamoja, kana kwamba wameagizwa. Mgeni wa daftari alibaki kalamu hewani. Pasta Ezéchiel alifungua Biblia, akaifunga. Nyuma Thierry alisikika akimwambia mwenzake kwamba kwa kweli hakusoma.

"Kila Jumamosi!" Benita akasema. "Kila Jumamosi nafua, napiga pasi!"

"Najua, dada yangu. Nisamehe."

Hapo akasimama Mama Pasta. Clémentine, mke wa mchungaji, huwa anakaa kiti cha mbele kabisa, kilemba kimepanda, mgongo haugusi kiti, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona amepiga hata mwayo. Léocadie alimwona anakuja akajua yamekwisha. Atatengwa. Atakaa viti vya nyuma na watoto. Akainamisha kichwa alipokee.

Mama Pasta akasimama mbele yake.

"Nesi alisema dakika ngapi?"

"Ishirini, Mama. Mpaka thelathini."

"Na wewe ulichukua saa nzima."

"Ndiyo, Mama."

Mama Pasta akageuka kwa Benita, akanyoosha mkono. Benita akampa kitenge bila kuelewa, kama mtu anavyompa polisi kitambulisho. Akakitazama. Halafu, mbele ya wenyeji na wageni na basi zima la Midrand, akavua viatu vyake vya kisigino, akavipanga kando ya nguzo ya kushoto, akavua kilemba, chini yake nywele zimelowa jasho, mwezi wa nane, baridi bado ipo, akajilaza kwenye zulia. Hakuanguka. Alijilaza taratibu, mkono mmoja kwanza, kisha goti, kama tunavyojilaza sote vitandani kwetu.

"Clémentine," Pasta akaita, nje ya maikrofoni, "ni nini?"

"Endelea na mahubiri, mume wangu. Polepole."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Midrand, mtu mzima, alishaanza kufungua kamba za viatu. Mama Pasta akainua upande mmoja wa kitenge, akamtazama Léocadie aliyekuwa bado amesimama na maikrofoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Njoo basi," akasema. "Mimi niko na miaka miwili sijalala, na nilidhani ni mimi peke yangu."