Waya Kutoka kwa Mama Hadi kwa Dani

Sisi tuliokulia Sori, kando ya ziwa, miaka ya tisini tulijua saa bila kuvaa saa. Jua lilipoanza kugusa maji, mama zetu walikunja nyavu za kuanikia omena, dagaa wa kwetu, mbuzi wakaingizwa zizini, na mchezo wa kati, ule wa kulengana kwa mpira, ukafia pale pale hata kama amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa. Hakuna aliyethubutu kusema "ngoja kidogo, Mama." Giza la kwetu lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kiboko.

Mtoto wa leo ukimtajia kiboko atakutolea simu akuonyeshe picha yake, mdomo wazi, na maneno ya utani yameandikwa chini. Sisi tulimjua kwa pumzi. Umelala kwenye mkeka, unasikia nyuma ya ukuta wa udongo majani yanang'olewa, kisha pumzi nzito kama ya mtu aliyepanda mlima na gunia la mahindi. Unajifunika blanketi hadi kichwani, kana kwamba blanketi lingemzuia. Asubuhi unakuta nyayo zake kwenye shamba la viazi vitamu, pana kama sufuria, zimejaa maji. Mwalimu wetu mmoja alimpoteza nduguye kwa kiboko, akitoka kuoga ziwani jua likizama. Tulipopita kwao tulinyamaza hata kama tulikuwa tunakimbizana.

Lakini mchana ulikuwa wetu. Tulicheza banta, yaani gololi, mpaka vidole vikapasuka, tukapika mapishi ya kuigiza ya kalongolongo kwa mikebe ya mafuta ya kimbo, tukala nyoyo ya shuleni, mahindi yaliyochemshwa yenye mawe mengi kuliko maharagwe. Betri za redio zilipoisha nguvu tulizianika juani pamoja na omena, na jioni redio ikaongea kidogo, kwa sauti ya mgonjwa, tukashukuru. Watoto wangu mtandao ukikatika kidogo tu nyumbani, wanakaa sebuleni kama wamefiwa.

Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, aliishi upande wa pili wa shamba la viazi, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu babu. Ukimwita kwa sauti mchana anasikia. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hata ungepiga ngoma asingesikia. Alikuwa na pumu, na hakutaka kabisa kuhamia kwetu. "Nani atakaa na nyumba ya mwenyewe?" angeuliza, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Jioni moja ya mvua kifua kilimbana. Aligonga sufuria kwa mwiko, akagonga, akagonga, na mabati yakameza kila kitu. Mama alimkuta asubuhi ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alipona. Lakini tangu siku hiyo Mama alikuwa akiamka usiku, anaweka sikio ukutani, anasikiliza upande wa kwa Dani. Nami nilijifanya nimelala, nikimtazama anavyosikiliza, na hofu yake ikahamia kwangu yote.

Baba alikuwa akifanya kazi Migori mjini, tukimwona mwisho wa mwezi. Aliposikia habari hizo alimtumia dada yake salamu. Kwetu Wajaluo, dada wa baba anaitwa waya. Na huyu Waya wangu, aliyeolewa Kosele, alikuwa fundi wa simu. Basi watu walicheka hadi wakashika mbavu alipoteremka garini akiwa na robota kubwa la waya begani: "Waya ameleta waya!" Alivaa suruali ya kazi, jambo ambalo Sori ilikuwa haijazoea kuliona kwa mama wa watu, na ndani ya gunia alikuwa na simu mbili nyeusi za zamani, zile za kuzungusha mkono, ambazo ofisi yake ilikuwa imezitupa baada ya kupata mpya.

"Nitafunga laini ya hapa nyumbani tu," alimwambia Mama. "Haiendi posta, haiendi popote. Kwako na kwa Mama yangu, basi."

Hakuna kazi iliyonipendeza na kunitisha kama hiyo. Alipasha chuma motoni, akatoboa ukuta, na Mama akasimama nyuma yake akilalamika kwamba tundu hilo ni mlango wa nyoka. Waya akaziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Ndani ya nyumba aliupitisha waya chini ya boriti za paa, akaushika kwa vipande vya malapa yaliyochakaa na misumari. Nje aliutundika juu ya nguzo za mkaratusi kukatisha shamba lote, na kila ulipogusa nguzo aliuvika mpira wa baiskeli. Mimi nilikuwa nikishika mwisho wa waya na kuunyoosha. Betri alizotia ndani ya simu zilikuwa mpya, nasi tukakatazwa hata kuziangalia kwa macho ya redio.

Majirani walikuja kutazama, na walikuja na maneno. Kwetu radi si hadithi. Kila msimu wa mvua inachukua ng'ombe, inachukua watu, na kila mtu anajua nyumba fulani ambayo haikujengwa tena. "Huo mnaouning'iniza ni kamba ya kuivutia," alisema mama mmoja wa jirani, mikono kichwani. Dani aliyasikia. Simu ilipowekwa juu ya meza yake aliifunika kwa leso na kusema, "Kitu hiki nisikiguse. Achieng atakuja kukiongelesha." Achieng ni mimi.

Waya hakumcheka mama yake. Aliniita kando, akanionyesha plagi ukutani, pale simu ilipounganishwa na waya wa nje.

"Wao hawajakosea, nyathina, mwanangu. Wingu likipanda kutoka ziwani, unachomoa hii. Usingoje mvua. Usingoje ngurumo. Unachomoa, unaweka mbali, unakaa. Umesikia?"

"Nimesikia, Waya."

"Hata nikiwa mimi ndiye naongea huko, unachomoa."

Jioni ya kwanza nilipozungusha mkono wa simu ya Dani na sauti ya Mama ikatoka, nyembamba, kana kwamba yuko ndani ya chupa, nililia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa namwona kupitia dirishani, mbali, taa yake ikiwaka, na wakati huo huo yuko sikioni mwangu.

Waya alibaki kwetu siku kadhaa akirekebisha hapa na pale. Siku ninayotaka kuisimulia, alikuwa kwa Mama, na mimi nilikuwa kwa Dani nachambua omena kutoa mchanga. Wingu lilipanda ghafla, jeusi, likafunika jua kabla ya wakati wake, na ziwa likageuka rangi ya risasi. Niliinuka nikachomoe plagi kama nilivyofundishwa. Dirisha lilikuwa pale pale juu ya meza. Nikaangalia nje.

Kiboko alikuwa amesimama njiani, katikati ya nyumba zetu mbili. Giza la wingu lilikuwa limemtoa majini mapema. Na hakuwa peke yake, mtoto wake alikuwa ubavuni. Kila mtu wa ziwani anajua maana ya hilo. Kiboko mwenye mtoto hatishi tu, anashambulia.

Na ilikuwa saa ya Mama kumletea Dani chakula. Kila jioni kabla ya giza, kila jioni, na sahani iliyofunikwa mkononi na ndugu yangu mdogo mgongoni. Njia ile ilipinda nyuma ya mihogo. Asingemwona mnyama hadi amemfikia.

"Dani," nilisema. "Dani, rao."

Rao ndilo jina lake kwa Kijaluo. Dani akaja dirishani, akashika kizingiti. Radi ikamulika upande wa visiwani, bila sauti bado.

"Piga," akasema.

"Waya alisema nichomoe."

"Piga, Achieng!"

Nilinyoosha mkono na mkono ukakataa. Kichwani nilimwona Mama akitoka, nikaona nyumba zile ambazo hazikujengwa tena, na nilisimama tu hapo, plagi upande huu na simu upande ule. Dani akanisukuma nyuma kwa kiwiko, akavuta leso ikaanguka. "Ikija kuchukua mtu," alisema, "ichukue mzee." Akaanza kuzungusha mkono wa simu kama anayesaga mtama, hakujua kuacha.

Upande wa pili, baadaye tuliambiwa, Waya alikuwa tayari ameshika plagi yake aivute. Kengele ikalia chini ya vidole vyake. Akapokea.

"Rao!" Dani alipiga kelele, ameshika simu kwa mikono miwili mbali na uso, kama anayeiongelesha nyumba nzima. "Rao na mtoto wake! Njiani! Mama Achieng asitoke! Mshike!"

Nikamsikia Waya akimwita Mama kwa jina lake la usichana, jina ambalo sikuwahi kusikia likiitwa nyumbani kwetu. Vishindo. Kitu cha bati kikaanguka. Kisha sauti ya Waya tena, karibu: "Nimempata. Mama, weka chini. Achieng, chomoa! Cho—"

Nilivuta plagi kwa nguvu zangu zote, nikaanguka nayo. Hapo mbingu ikapasuka.

Sikusikia ngurumo, niliihisi kifuani na menoni. Chumba kilikuwa cheupe. Nguzo ya katikati ya shamba ilipasuka juu hadi chini, na mwisho wa waya ukutani ukatema cheche zilizoniunguza shati. Kisha mvua. Kiboko na mtoto wake walikuwa wakikimbilia ziwani, maji yakiruka chini yao.

Nilipoona wamekwenda, nilirudisha plagi. Nikazungusha. Hakuna kitu. Nikaita "Waya! Mama!" ndani ya simu ile iliyokufa, na Dani akaiondoa mikononi mwangu, akaniketisha mapajani ingawa nilikuwa nimepita umri wa kubebwa. Tulikaa hivyo. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na sote wawili tulifikiria jambo moja, kwamba Waya alikuwa bado ameshika simu upande wake.

Mvua ilipopungua tuliona wanaume wa jirani wakija shambani wakipiga madebe, na nyuma yao Mama, miguu mitupu, ndugu yangu mgongoni akilia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. "Yuko hai," Mama alisema kabla hajafika mlangoni. "Mama, yuko hai."

Waya alikuwa ametupwa mpaka ukutani. Aliungua kiganja cha kulia, vidole viwili havikukunjika vizuri tena, na sikio moja halikusikia tena. Alipotoka hospitali tulidhani ataung'oa waya wote. Majirani walishauri hivyo, na Mama naye alitaka. Aliyekataa ni Dani. Basi Waya alirudi likizo iliyofuata, akatuchimbisha mtaro shamba zima, akauzika waya ndani ya mpira wa maji, na kila upande akafunga chuma kilichoshuka ardhini kuipokea radi. Tangu hapo hadi alipofariki, Dani alipiga mwenyewe kila jioni, kabla ya giza, akauliza neno moja tu, "Mko?" Na Mama akajibu, "Tuko." Mvua ikikaribia alipiga mapema, kisha akachomoa.

Leo naishi mjini. Fundi alinifungia waya za mtandao kila chumba, safi, zimefichwa ndani ya ukuta, na mwanangu ananiandikia kutoka chumbani kwake kuuliza kama chakula kimeiva, ilhali harufu imemfikia. Kule Sori pwani imejaa ploti na ua wa mabati, na viboko waliobaki wamesogea mbali. Sitaki hofu ile irudi. Sitaki mwanangu asimame dirishani nilivyosimama mimi.

Ila enzi zetu, kengele ya nyumbani ilipolia, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Mama aliweka mwiko chini, mimi nikaacha kutafuna, hata mtoto wa mgongoni alinyamazishwa, tukasogea pamoja kusikiliza. Nyumbani kwangu sasa kunalia vitu kutwa nzima, na hakuna anayeinua kichwa.