Swichi Niliyombonyezea Mdogo Wangu

Jirani yetu mshonaji anaapa mpaka leo kwamba mdogo wangu alipandwa na kitu studio.

Anasema alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la nje, akachungulia kwenye kioo. Akaona mishipa ya shingo imetutumka, macho yamefumbwa, na sauti inayotoka si ya binti anayemjua. "Na alipotoka alikaa siku nne bila sauti. Mtu mzima kama mimi niseme uongo?"

Hasemi uongo.

Ila hicho kitu nakijua. Kilikuwa kidole changu.

Tulia nikueleze.

Pale studio nilikuwa mfagiaji. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho sikuyaacha huko. Miaka mitatu nafuta vumbi huku namwangalia fundi mitambo na kisanduku chake cha kukuza sauti ya maiki. Kitufe kikubwa unakizungusha, sauti inapanda. Taa ya kijani, uko salama. Nyekundu, umeharibu. Na pembeni kuna swichi ndogo, ukiibonyeza inashusha sauti kwa nguvu. Hiyo ni ya ngoma na tarumbeta, vitu vyenye makelele.

Na kuimba naimba. Nimemwomba fundi anijaribu mpaka mdomo umechoka. "Siku yako itakuja, binti," anasema, huku ananyanyua mguu nifagie chini yake.

Siku moja mdogo wangu akaniletea funguo za nyumbani. Akasimama mlangoni, anajiimbia tu kunisubiri.

Fundi akavua hedifoni. "Huyu nani?"

Dakika moja mlangoni. Mimi miaka mitatu ndani.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Siku ya kurekodi, katikati ya kazi, fundi akaitwa nje kupokea spika mpya. "Kaa hapa," akaniambia. "Umeniona mara elfu. Taa ikiwa ya kijani usiguse kitu."

Ilikuwa ya kijani. Mdogo wangu alikuwa anaimba laini, vizuri, kama hataki. Hilo ndilo lililonichoma. Kama hataki.

Nikabonyeza ile swichi ndogo.

"Dada, sauti yangu siisikii kwenye hedifoni."

"Toa sauti basi. Mtambo haukusomi."

"Nikilazimisha itakwaruza."

"Ulidhani umekuja kubembeleza mtoto?"

Akavuta pumzi, akatoa. Nikamrudisha mara sita. Nangoja ivunjike, fundi arudi akute makwaruzo, ageuke aniangalie mimi.

Na kweli ikavunjika, ubeti wa mwisho. Lakini ilivyovunjika, vinyweleo vilinisimama.

Kugeuka, fundi yuko nyuma yangu. Nikajua leo ndio leo.

"Hii swichi nani kabonyeza?"

"Mimi."

Akairudia ile sehemu, kichwa kainamisha. "Kumnyima mtu sauti yake ili aitafute tumboni. Mimi hilo nimelijua baada ya miaka kumi. Wewe nani kakufundisha?"

"Nimekuangalia tu," nikasema.

Wimbo ule sasa unapigwa kila kona. Ufagio kashika mwingine, kiti cha mtambo ni changu. Mdogo wangu akihojiwa anasema, "Dada yangu aliijua sauti yangu kabla yangu." Watu wanapiga makofi, mimi natazama viatu.

Ndugu yangu, wivu wako ukizaa jema, usilibebe mgongoni kama mwanao. Sifa usiyostahili unaila huku unatazama mlango.

Wiki iliyopita daktari wa koo alimwambia mdogo wangu: ukilazimisha tena vile, sauti inaweza isirudi. Yeye akacheka, akasema madaktari wanapenda kutisha watu.

Kesho tunarekodi wimbo wa pili. Jana tulikuwa tunakunja waya pamoja, akanisogelea.

"Dada, niwekee vilevile kama siku ile. Nilikuwa naogopa, lakini nilijua uko upande wangu. Koo nitaliangalia mwenyewe. Utaniwekea?"

Waya ukaniishia mkononi, hakuna tena cha kukunja. Alikuwa bado ananiangalia.