Ngano Iliyochipua Ghalani

Kila mwaka baridi ikishaipa Shirazi kisogo, Golandam hupandwa na wazimu wa usafi. Mazulia hupigwa mpaka yatoe vumbi la mababu, birika la kuhifadhia maji uani hupakwa rangi ya buluu, na hakuna anayekaa kitako. Lakini bakuli la ngano mbichi, lile ambalo kila nyumba huliotesha kwa ajili ya meza ya Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, yeye halioteshi ng'o. Mwaka aliootesha mara ya mwisho ngano iliozea bakulini, na wiki ileile mumewe, Nosrat, akaanguka sokoni asiinuke tena. Wazee wa kule husema ziko nyumba ambazo ngano haiziendei vyema, na nuksi humfuata mwenye mkono uliootesha. Golandam aliamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Tangu hapo jirani yake Esmat ndiye aliyemletea bakuli, na sasa Esmat amehamia Isfahani kwa mwanawe.

"Mwaka huu tutanunua sokoni," alimwambia Sudabe, mke wa mwanawe.

"Ya sokoni haina mwenyewe, Mama."

"Ndiyo uzuri wake. Ikija na balaa, itakosa wa kumwangukia."

Sudabe akashika tumbo. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano, na mbili za kabla yake hazikufika hapo. Golandam aliipenda mno hata akaogopa kuitaja. Alinyata kando yake kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala.

Siku chache kabla ya Nairuzi, mti wa mdanzi uani uliwahi mwaka huo, ukafungua maua usiku kucha. Asubuhi harufu yake ilikuwa nzito, tamu, ya kulevya, na Golandam alishuka ghalani kutoa vyungu vya maua vilivyolala humo msimu wa baridi akiwa nusu yumo duniani, nusu hayumo. Alidhani anamsikia Nosrat juu akiagiza chai. Karibu amwitikie.

Nyuma ya vyungu akaona sahani iliyofunikwa kitambaa kibichi. Akafunua. Ngano, imechipua, manjano kwa kukosa jua, mabua yote yameinamia ufa wa mlango palipopenya mwanga.

Moyo ulimlipuka. Alitaka kuitupa palepale, tena na sahani yake. Akainyanyua, akapanda nayo ngazi, na kila hatua mabua yalitikisika mikononi mwake, mepesi kama nywele za mtoto mchanga. Alipofika uani hasira ilikuwa imebaki huko chini.

Sudabe alimkuta ameketi kando ya birika, sahani iko juani.

"Usikasirike, Mama. Nilitaka kuona kitu kinaota mikononi mwangu. Kimoja tu."

"Ndiyo ukifungie gizani kiwe manjano hivi? Huko ndiko kulea?"

"Nilikuogopa wewe."

Maneno hayo yalimchoma Golandam, kwa kuwa yalikuwa kweli. Aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na gao la ngano kavu kiganjani. Akainyunyiza katikati ya mabua, kisha akachota maji kwa kiganja na kuilowesha polepole.

"Hiyo haitawahi kuota kabla ya sikukuu," Sudabe alisema.

"Isiote. Mkono wangu umeshaingia, sasa ngano ni yangu. Kama kuna nuksi inatafuta mtu, inikute mimi hapa. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

Sudabe alikaa chini karibu naye. Maua meupe yaliwadondokea mabegani na hakuna aliyeyapangusa. Sudabe alikuwa analia bila sauti.

"Na ikikukuta wewe, Mama, nani atanifundisha kumwogesha mtoto?"

Neno hilo, mtoto, halikuwa limetamkwa nyumbani humo tangu mimba iingie. Golandam akautazama mkono wake uliolowa.

"Maji yawe vuguvugu," akasema. "Uyajaribu kwa kiwiko. Na kichwa ukioshe mwisho."