Sanda ya Bibi Ilipopandishwa Mlingotini

Mimi ndiye niliyeuleta ule uongo nyumbani, na mpaka leo sijatubu sawasawa.

Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea Kisaki, Waingereza wakiwafuata, na kila askari aliyepita kwetu mlimani aliondoka na kitu chetu. Kuku walikwisha. Mihogo iling'olewa ingali michanga. Bibi yangu mzaa mama, mwenye nyumba na mwenye shamba kama ilivyo desturi ya sisi Waluguru, alibakiwa na kitu kimoja tu cha maana: mahindi ya mbegu, aliyoyaficha darini juu ya jiko, nyuma ya jamvi lililoiva moshi. Yakichukuliwa hayo, mvua ingenyesha na sisi tungebaki kuitazama.

Nilikuwa msichana mkubwa, nikifua bendeji katika hospitali ya misheni bondeni. Huko niliona ajabu. Askari wenye njaa walifika mlangoni, wakakitazama kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu kilichotundikwa pale, wakageuka wakaenda zao. Nikamsimulia bibi.

Bibi alikuwa Mwislamu wa sala tano, na mwezi wa Ramadhani hata mate hakumeza. Akafungua sanduku, akatoa marekani nyeupe aliyojiwekea kwa ajili ya sanda yake.

"Kata," akaniambia. "Nikifa kabla ya vita kwisha, mnizike hivyo hivyo na msalaba wangu. Malaika watauliza wenyewe."

Kitambaa chekundu tulikipata kwenye nguo ya shangazi, ambaye hakuulizwa.

Bendera ikapanda, na askari waliofuata wakapita mbali. Majirani si wajinga. Siku ya tatu nao wakapandisha zao, na mmoja akachora msalaba kwa udongo mwekundu kwenye banda la mbuzi. Mlima mzima ukawa hospitali, na mgonjwa hata mmoja hakuna.

Habari zikamfikia sista wa Kijerumani aliyesimamia ile hospitali ya kweli. Alipanda mlima kwa miguu, uso umemwiva kwa jua na hasira.

"Bibi, bendera hii ni ya majeruhi," alisema. "Mkiwafunika nayo mbuzi, kesho nani ataiamini kwangu? Watawapiga risasi wagonjwa wangu vitandani."

Hapo niliona haya. Bendeji za wagonjwa hao nilizifua mimi, na sura zao nilizijua.

Majirani wakashusha za kwao. Bibi hakushusha.

"Na mimi nikiwapokea majeruhi?"

"Basi utampokea yeyote atakayeletwa. Awe wetu, awe wa adui."

"Adui yupi, mwanangu? Mimi hapa naona wageni wawili wanagombania shamba langu."

Sista akashuka bondeni. Alasiri ile ile akamletea mgonjwa mmoja.

Alikuwa askari wa Mjerumani, mtu wa bara, paja limepasuliwa na risasi. Hata hawajamlaza vizuri jikoni, bibi akaruka. "Huyu! Huyu ndiye aliyemburuta mbuzi wangu kwa masikio!" Ilikuwa kweli. Yule mtu akafumba macho kama aliyezimia, lakini mimi nilimwona akichungulia.

Kila asubuhi alisema, "Shikamoo, bibi." Bibi alikoroga uji wake, kimya. Kwetu kumnyima mtu marahaba yake ni zaidi ya kumtukana. Akiomba kitoweo, aliambiwa, "Nyama ulishakula." Lakini uji haukukosekana, nao ulitoka kwenye yale yale mahindi ya mbegu, gunzi baada ya gunzi, bibi akipukuchua huku analaani. Nikamuuliza kwa nini asimrudishe tu bondeni.

"Bendera ni yangu," akasema. "Sitaki yule mwanamke apande tena mlima kuja kuniita mwongo."

Mgonjwa alikuwa ameanza kusimama kwa fimbo siku alipotokea afisa wa Kijerumani na askari wenye magunia matupu. Afisa akaitazama bendera, akacheka. Akaingia ndani, akakuta jeraha la kweli linanuka dawa, na cheko likamwishia. Kupekua nyumba ya majeruhi hakuthubutu. Sheria hakuivunja, aliizunguka. Alichuchumaa mbele ya mgonjwa, akasema kwa Kiswahili chake kigumu:

"Nionyeshe chakula kilipo, ubaki hapa mpaka upone. Kama hakipo, simama, twende."

Juu ya kichwa cha mgonjwa, nyuma ya jamvi, yalikuwa yamebaki mafungu mawili ya mahindi. Yule askari alijua. Kwa majuma alikuwa akilala chali akilitazama lile jamvi.

"Chakula hakuna, bwana," akasema. "Kuna uji tu, nao wa kuazima."

Akashika nguzo, akasimama. Jasho lilimtiririka. Safari hii hakusema shikamoo wala kwaheri, pengine kwa maumivu. Walishuka njia ya Kisaki, yeye wa mwisho, akiuburuta mguu.

Bibi alibaki jikoni na mwiko mkononi. Kisha akatoka mbio hadi ukingoni mwa uwanja.

"Marahaba!" akapiga kelele. "Marahaba! Marahaba!" Aliirudia mara nyingi, moja kwa kila asubuhi, huku analia waziwazi mbele ya majirani. Yule mtu alikuwa ameshafika kwenye kona ya mto, na hakugeuka.