Katibu wa Watu wa Nyumbani

Katibu wa chama cha watu wa mji mmoja mdogo wa magharibi mwa Kenya alikuwa mlinzi wa hoteli huko ughaibuni, na hata siku ya mapumziko alisimama kama yuko zamu, mikono nyuma, karibu na mlango. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata wenye kelele walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Akifikiri, alisugua kucha zake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

Ijumaa moja ya Januari 2008, Teresiah alipoingia katika chumba cha mtaa wa Al Nahda walimokutania, mazungumzo yalikatika. Huko nyumbani, katika ghasia za baada ya kura, duka la mama yake lilikuwa limechomwa. Kabila lao liliitwa la wageni, ingawa Teresiah alizaliwa palepale mjini.

"Huyu atoke kwanza," Hudson, mmoja wa wanachama, alisema bila kumtazama. "Tuna mambo yetu."

Teresiah aligeukia mlango. Katibu alisugua kucha zake, kisha akausukuma mlango ukafungika, Teresiah akiwa ndani.

"Jambo la kwanza," alisema kwa sauti ileile. "Mama wa mwenzetu amekimbilia kituo cha polisi tangu Jumanne, hana chakula wala blanketi. Nani ana ndugu karibu na pale?"

Katibu alirudisha mikono nyuma, akasubiri. Mwishowe Hudson akatoa simu mfukoni.

"Dada yangu anakaa nyuma ya kituo," alisema, akimgeukia Teresiah. "Mama yako anaitwa nani?"